Ushanga Ndani ya Mwanga

Jumapili, 5 Oktoba 1997

Leo naanza. Naapa kuandika yote – ya shuleni, ya nyumbani, ya moyoni – hata yale yatakayonitia aibu. Hakuna atakayesoma, kwa hiyo sina sababu ya kudanganya.

Barua ya Dada Felicitas imefika kutoka ng'ambo! Baba ameisoma mezani baada ya misa, miwani puani, kwa sauti ile ile ya kufundishia. Baba ni mkufunzi hapa chuo cha ualimu Butimba. Hata akiomba chumvi unadhani atageuka aiandike ubaoni.

Anakuja Krismasi. Dada anakuja Krismasi!

Mama alisema "Mawe!" – mama yangu, kwa Kihaya – akainuka, akaenda jikoni kama vile kuna kitu kinaungua. Hakikuungua kitu. Alikuwa anatazama mafungu juu ya meko. Nieleze, maana nimeapa. Sisi asili yetu Kamachumu, Uhayani, na msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, ukifika kila mtu wa nyumbani hupata fungu lake. Aliye mbali naye huwekewa – zinakaushwa, zinafungwa kwenye jani la mgomba, zinaning'inizwa juu ya moto. Fungu la mtu halitoki nyumbani. Linamngoja mwenyewe. Bibi alifanya hivyo na Mama anafanya hivyo hivyo. Mafungu ya Dada yananing'inia tangu mwaka alioondoka, nikiwa darasa la saba. Sasa niko kidato cha tatu.

Kurasa za mwisho za barua Baba hazisomi. Hunikabidhi. "Haya ya mitambo ni yako, Pru. Mimi nilisoma historia."


Jumatano, 8 Oktoba 1997

Nimezisoma kurasa zile hadi zimelegea kwenye mikunjo. Najieleza mwenyewe hapa, nione kama nimeelewa.

Ndani ya kila chembe hai kuna DNA, uzi mwembamba mno wenye maagizo yote. Na kuna vimeng'enya vinavyotembea juu ya uzi huo kama mitambo, vikisoma herufi moja baada ya nyingine na kuzinakili. Zamani watu waliweka mamilioni ya mitambo hiyo kwenye kichupa kimoja na kupata wastani. Dada anasema wastani ni kama kusikia kelele za uwanja wa mpira na kudhani umemsikia mtu. Yeye anataka kumsikia mmoja.

Kwa hiyo mtambo mmoja unagandishwa kwenye kioo. Uzi mmoja wa DNA unapita ndani yake. Mwisho wa uzi imefungwa punje ndogo ya plastiki – ushanga, naweza kusema, ila huwezi kuuona bila hadubini. Mwanga wa leza unaushika ule ushanga. Mtambo ukivuta uzi, ushanga unasogea, na hapo unajua: umetembea! Yeye anakaa gizani anatazama nukta moja kwenye skrini.

Mtambo mmoja. Duniani kote imejaa, na dada yangu amekaa na mmoja.

Mara nyingine, anasema, unasimama katikati ya safari. Unangoja. Mingine huanza tena. Mingine haianzi.

Nikimaliza chuo kikuu nataka kukaa gizani hivyo hivyo. Sijamwambia mtu. Hadubini yetu shuleni haina kioo cha chini. Tunaielekeza dirishani, jua likiingia winguni somo limeisha.


Jumamosi, 25 Oktoba 1997

Siku ya Sayansi shuleni. Niandike yote, na aibu yangu.

Nilichagua kuonyesha kazi ya Dada. Sabina ndiye aliyekuwa mtambo. Sabina Mashimba ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza, Msukuma wa Mkolani, mdomo wake hauna breki. Alijificha chini ya meza nyuma ya kitenge, akivuta uzi polepole kupitia tundu la boksi. Uzi wenyewe wa nyavu, kaupata kwa mjomba wake Kirumba. Mwisho wa uzi ushanga mwekundu, na mimi juu yake na tochi. Watu wakaja kuona ushanga unavyosogelea boksi. Nikaeleza: kimeng'enya kinasoma, kinasonga, kinasoma.

"Kumbe naye Mhaya!" sauti ikatoka chini ya meza. "Kusoma tu! Nshomile!"

Watu walicheka. Ndivyo wanavyotutania sisi Wahaya, eti kila mmoja wetu akikutana na wewe anatangaza kwamba amesoma.

Kisha ushanga ukasimama. Nikagonga meza kwa goti. Nikasikia mtu anatafuna – Sabina alikuwa anakula andazi!

"Mbona umesimama?" akauliza Mwalimu Machibya, wa fizikia.

Nikasema, hata wa kweli husimama, mwalimu.

"Kwa nini?"

"Bado hawajui."

Alifurahi sana. Akawaambia wengine kwamba hilo ndilo jibu la kwanza la kisayansi alilolisikia leo, meza nyingine zote zinajua kila kitu. Nikavimba kichwa. Na hapo ndipo nilipoanguka. Akauliza: mwanga huo unaushikaje ushanga? Nami haraka haraka: "Ushanga unapenda mwanga, mwalimu. Kama senene."

Kicheko! Mwalimu Machibya ni mtu wa Magu, hajawahi kula senene, lakini taa anazijua. Akasema: senene akifika kwenye taa hatulii. Anazunguka, anajigonga, anaanguka. Huo ushanga wenu unatuliaje?

Nikazima tochi. Uso ulipata moto. Tulipokuwa tunafungasha Sabina alinipa nusu ya andazi lililobaki, akasema hata mitambo hula.


Jumatatu, 27 Oktoba 1997

Nimemwandikia Dada kuhusu senene. Nimeipeleka posta mwenyewe.


Jumapili, 23 Novemba 1997

Mvua, mvua, mvua. Redio inasema ni El Niño. Ziwa limepanda hadi mawe tuliyokuwa tunakalia kufua hayaonekani, na magugumaji yameletwa mpaka ufukweni kama shamba lililong'olewa.

Mama mdogo Paskazia amefika na meli kutoka Bukoba. Tangu ajali ya meli ya mwaka jana Mama hasemi kitu ndugu akiwa majini; anashika rozari tu mpaka amwone kwa macho. Leo alipomwona anashuka na ndoo kichwani alipata sauti yote kwa mpigo mmoja: "Paskazia! Umekonda au ni mvua imekuosha?"

Ndoo ya senene! Tumekaa barazani tukizinyonyoa mbawa na miguu, vidole vyote vinanata. Mama akagawa mafungu. La Baba, la Mama mdogo, langu, lake. La Dada akalikaanga, akalitia kwenye bakuli akalifunika. Halikupanda juu ya meko.

"Hili halining'inizwi," alisema. "Huyu atalila kwa meno yake Krismasi. Na yale ya juu pia, kama yatalika."

Na ameanza kuiacha taa ya baraza ikiwaka. Kwa ajili ya senene, anasema. Hapa Butimba huja wachache sana. Baba akasema, Mama Feli, TANESCO hawatushukuru. Taa haikuzimwa.


Jumamosi, 29 Novemba 1997

Jibu limekuja. Dada amecheka mpaka mwenzake wa maabara akamuuliza kulikoni. Kisha akaeleza vizuri, kama anavyoeleza siku zote, bila kunidharau. Naandika kwa maneno yangu.

Senene ana macho. Anaiona taa kutoka mbali, anaijia. Punje haina macho. Ikiwa mbali, leza haiifanyi chochote. Inapita majini tu kama haipo. Lakini punje ikishaingia pale pale mwanga ulipokusanywa, mwanga hupinda ukipita ndani yake, na kila ikitaka kutoka husukumwa kurudi katikati. Basi. Mwanga hauiti, aliandika. Hushika kilicho karibu.

Nimemweleza Mwalimu Machibya. Aliniitikia kwa kichwa muda mrefu, akasema sasa hilo naweza kulala nalo.

Mimi silali nalo. Jioni nilisimama barazani chini ya taa ya Mama, nikatamani Dada angesema vingine. Tungojee tu. Bado wiki chache!


Jumapili, 7 Desemba 1997

Dada alipiga simu ofisi ya chuo, saa tuliyopanga. Tulikwenda wote, tumevaa nguo za kanisani, kana kwamba ataziona.

Haji Krismasi.

Niliposhika mkono wa simu alisema maneno mengi kwa haraka. Mtambo sasa unatembea vizuri. Leza ni moja na watu ni wengi, akiondoka zamu yake itachukuliwa, atarudi nyuma mwaka mzima. Atakuja Juni. Juni hakika, Pru. Sauti yake ina mwangwi, naisikia mara mbili, na ile ya pili ni ya mtu nisiyemjua. Nikasema sawa Dada. Nikasema hapa mvua nyingi. Kwa nini nilisema habari za mvua?

Mama akachukua simu: "Kazi kwanza, mwanangu. Sisi tupo tu. Unakula?"

Tumerudi nyumbani. Mama alilichukua bakuli, akazikausha senene jioni yote, akazifunga kwenye jani la mgomba. Fungu jipya limepanda juu ya meko pamoja na wenzake.


Alhamisi, 25 Desemba 1997

Misa. Wali, kuku, ndizi. Sabina amekuja na mama yake, wameleta sangara mzima – mzima, si panki la mifupa! Amevaa viatu vya mtumba virefu, akatembea kwa Mama akisema "Shikamoo mama" na kuteleza hapo hapo. Mama alicheka mpaka akatoa machozi, kisha machozi hayakuacha, akasema ni kitunguu.


Jumapili, 28 Desemba 1997

Sijui niandikeje. Niliapa.

Leo amekuja Kaka Florian. Watu wa kwao ni jirani zetu wa Kamachumu. Anasoma uhandisi mji ule ule wa Dada, yuko likizo. Dada amempa mzigo: miwani mipya ya Baba, sweta la Mama, na mimi – punje! Chupa ndogo kuliko kidole, ndani maji kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Ndizo punje zenyewe zinazoshikwa na leza, kaandika Dada kwenye karatasi. Nyingi mno kwenye tone moja. Niliinua chupa dirishani. Huoni hata moja. Unaona ukungu tu. Nilifurahi mpaka nikaogopa kuiangusha.

Wakati wa kuondoka nilimsindikiza hadi njia ya chuo. Alikuwa anazungumza kwa kujisikia nyumbani, anaruka madimbwi. Akasema:

"Bahati yake Feli. Kuongezewa miaka mitatu si mchezo! Na kwa profesa yule, watu wanagombana kufika kwake. Chuo kikuu Mlimani ameshawaandikia kwamba nafasi yake ya kufundisha wampe mwingine?"

Nilisimama.

Naye akasimama, mguu mmoja kwenye dimbwi. "Hamjaambiwa?"

Nikatingisha kichwa.

"Yesu wangu. Pru, mdogo wangu, nilidhani alisema kwenye simu. Labda anangoja aje Juni awaambie ana kwa ana. Ndiyo, bila shaka ndivyo. Mimi sijasema kitu, eti?"

Nikamwitikia. Nilirudi peke yangu. Miaka mitatu juu ya hii. Nitakuwa nimemaliza kidato cha sita. Mama alikuwa mlangoni amevaa sweta lile, joto lote hili, akaniuliza mbona umechelewa, Florian kasema nini njiani?

Nikasema: habari za mvua.


Alhamisi, 1 Januari 1998

Heri ya mwaka mpya. Sijamwambia. Kila nikikaribia, Mama anasema jambo kuhusu Juni. Chumba cha Dada kipakwe chokaa kabla ya Juni. Mbuzi anunuliwe Machi anenepe mpaka Juni. Nikimwambia, nitakuwa nimeiondoa Juni mikononi mwake. Nisipomwambia, atapaka chokaa.

Namkasirikia Dada. Nimeandika. Halafu naitazama chupa yake, na najua mimi nami ningebaki. Kama ningekuwa na mtambo mmoja unaotembea mbele ya macho yangu, na swali ambalo hakuna mtu duniani analijua jibu lake – ningebaki. Hilo ndilo linalonitia uchungu zaidi.


Jumapili, 4 Januari 1998

Sabina nimemwambia. Tulikuwa tumekaa juu ya mwamba, magugumaji yamefunika maji yote, mitumbwi inasukumwa kwa mikono. Nilidhani atatania. Hakutania mara moja.

Akasema: kwa hiyo wewe sasa ndiye uliyejificha chini ya meza.

Kisha akasema mama yake yeye hujua mambo kabla ya kuambiwa, hasa yale mabaya, kwa hiyo yeye siku hizi hasumbuki kuficha. Na kwamba nshomile mkisoma sana mnasahau kuwa wazazi nao wana akili. Nikampiga na kandambili. Tulicheka kidogo.

Kesho Florian anapita kutuaga. Reli imekatika kwa mafuriko, anakwenda Dar kwa ndege. Nitamwandikia Dada barua aende nayo. Sijui nitaandika nini.


Jumatatu, 5 Januari 1998

Florian yuko sebuleni anakunywa chai na Baba. Ninaandika haraka chumbani, barua upande huu, daftari upande huu.

Nieleze yaliyotokea sasa hivi jikoni.

Nilimkuta Mama amepanda kigoda anayashusha mafungu. Yote. La mwaka wa kwanza lilivunjika mkononi mwake, vumbi tupu, akalikung'utia motoni. La pili hivyo hivyo. Mawili yaliyobaki aliyanusa, akayafungua, akazichanganya senene kwenye mfuko safi, akaanza kuufunga kwa gazeti.

"Mpe Florian," alisema. "Feli azile huko huko."

Nikasema, Mama, fungu la mtu halitoki nyumbani.

"Najua. Nani alikufundisha wewe kama si mimi?"

Baba alikuwa amefika mlangoni na kikombe. Akaanza, "Mama Feli, lakini Juni…"

"Mtu akisema Juni kwa sauti ile," Mama alisema, "si Juni." Hakulia. Alikuwa anakaza kamba kwa meno. "Hata mimi aliniambia mara mbili. Juni, Juni hakika. Feli tangu mtoto akisema kweli husema mara moja."

Akanitazama. "Na wewe na mvua zako."

Nilitaka kupasuka. Nikasema miaka mitatu, Mama. Nikasema na profesa. Nikasema yote pale pale, vipande vipande. Baba aliweka kikombe chini, akavua miwani mipya, akaifuta, akaivaa, akaivua. Mama aliitikia tu: hee. Hee. Kisha akauliza kama hiyo kazi ni nzuri. Nikasema ni nzuri mno, Mama. Ni nzuri kuliko zote. Akasema basi asife njaa akiifanya, akanisukumia mzigo.

Alipotoka kumpelekea mgeni chai nikafanya jambo. Nimefungua mzigo. Nimechota konzi moja ya senene, nikaifunika kwa kiganja. Sikuwa na jani, wala kamba. Nikasimama kama mwizi jikoni kwetu. Mama akarudi kuchukua sukari. Aliona mkono wangu, aliona gazeti limelegea. Alichukua sukari akaondoka – na mezani, pale sukari ilipokuwa, ameacha kipande cha kamba na jani la mgomba.

Fungu linaning'inia sasa. Dogo. Ukilitafuta utaliona.

Barua yangu nimeshaandika mwanzo: Shikamoo Dada, asante kwa punje, Mama anajua, wala usipige simu kujieleza. Sasa nimekwama kwenye swali. Nina maswali mengi na yote ni lile lile. Baba anaita: Pru! Gari la Florian limefika! Mama anasema aningoje, mtoto anaandika. Nje mchana mweupe na taa ya baraza bado inawaka, hakuna aliyeizima tangu Novemba. Nimeandika hili, nanakili hapa nisisahau nilichouliza:

Dada, mtambo wako ukisimama katikati ya uzi, na wewe umekaa gizani unatazama, unajuaje kama umepumzika au umekoma? Nijibu kwa posta ya kwanza: unaungoja mpaka lini kabla ya kuzima mwanga?